Neno la Mwenye Eda

Wajukuu zangu, na nyiye vijana wengine mnaoomba kazi mahakamani na kuvaa tai hata siku ya mvua, mie sikusoma. Nilihitimu chuo cha Kurani, nikaingia skuli miaka michache, nikatolewa kwenda kuolewa. Maandishi ya kizungu nilijifunza ukubwani, katika madarasa ya watu wazima, nina mtoto kiunoni. Kwa hiyo msitafute humu vifungu vya sheria. Vifungu waulizeni mawakili, wao ndio wanaolipwa kwa kuvikumbuka. Mie nitakuhadithieni kupeleka samansi na kuita majina mlangoni, maana ndiyo kazi iliyonilisha mpaka nikastaafu. Na nitakwambieni swali moja lililonisumbua kuliko mvua na matope ya huko vijijini: mtu aliyeachiwa aende zake kabla ya kesi yake, hana mdhamini, hakuweka kitu, kilichomshika ni neno lake tu, huyo hurudi kwa nini?

Aliyenifunza kazi ni Mzee Faki, tarishi mkongwe wa mahakama yetu. Alikuwa mfupi, mkali, na alipenda kula. La kwanza aliloniambia ni kwamba samansi haipelekwi wakati wa chakula. Ukimkuta mtu anakula atakukaribisha. Ukila, huna tena uso wa kumpa karatasi ya kumwita kizimbani. Usipokula, umemtukana mkewe. Basi jificha nyuma ya nyumba ungoje wanawe mikono.

La pili, usiulizie jina lililoandikwa. Karatasi inasema Hamad Juma Hamad, na kijiji kizima ni Hamad Juma. Ulizia kazi ya mtu, au mtaje mama yake. Na usiulize wanaume walio barazani, watakwambia amesafiri. Uliza wanawake kisimani, nao hawatakwambia kitu, lakini watageuka kutazama upande wa nyumba yake.

Siku moja tulimfuata mtu mmoja shambani tukamkuta juu ya mkarafuu. Alivyotuona akajua.

"Mzee Faki, mie sishuki."

"Nani kakwambia ushuke? Siye tumekuja kivulini."

Mzee Faki akakaa chini, akafungua mkate wake wa kumimina, akaanza kula kimya kimya. Yule juu akachuma tawi hili, akachuma na lile, pakacha likajaa. Mwisho akauliza, "Mmebakisha?"

"Kipo kipande."

Akashuka. Akala mkate, akapokea samansi, na siku ya kesi akaja. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi, na mpaka leo nikienda kwa mtu mwenye hasira huchukua kitu cha kutafuna.

Na kuita jina nako kuna adabu yake. Jina huitwa mara tatu mlangoni, kwa sauti inayofika mpaka chini ya miti wanakokaa watu. Usilivute kama unaadhini, wala usilikate kama unafukuza kuku. Ukimaliza, ngoja. Vijana wa siku hizi wanaita wakiangalia simu, halafu wanaandika "hakutokea", na mtu mwenyewe yuko pale pale anatafuta kiatu.

Haya. Vyama vingi vilipokuja, watu wa kwetu waligawana kila kitu. Duka la chama hiki, kisima cha chama kile. Mtu akifiwa, upande wa pili hauji kuzika. Mnacheka, lakini mie nimeona jeneza likingojea wachukuzi, na wanaume wazima wamekaa ng'ambo ya njia wanacheza bao.

Sasa, mtu akishitakiwa alitakiwa alete mdhamini, na mdhamini aje na barua ya sheha. Sheha ni mtu wa serikali. Ukiwa wa upande wa pili ukaenda kuomba barua, utaambiwa muhuri umevuka bahari, umekwenda Unguja. Wapo masheha waliokuwa na roho nzuri, lakini nao waliogopa wakubwa wao. Na jirani wa upande wako mwenyewe angekudhamini, ila naye barua hapati. Ikawa mtu wa kesi ya matusi au ya kuku analala rumande mpaka kesi iishe, na kesi za kwetu zilikuwa haziishi upesi.

Ndipo tukaletewa hakimu kijana kutoka Unguja, mwembamba, mtu wa kikohozi. Huyu alikuja na njia yake. Kesi ikiwa si nzito, alimwangalia mshitakiwa usoni, akamuuliza, "Ukenda nyumbani, utarudi?" Mtu akisema ndiyo, hakimu anasema, "Jidhamini mwenyewe," anatia saini au kidole, anakwenda zake. Mdhamini hatakiwi, wala barua ya sheha.

Aliyeungua roho ni Sajenti, mwendesha mashtaka wetu. Alikuwa mtu wa Makunduchi kule Unguja, mcheshi, ana mdomo kama pasi ya mkaa.

"Mheshimiwa, huyu ana mashua," alikuwa akisema. "Ukimwachia leo, keshokutwa utamsalimia Mombasa kwa simu."

"Nitamsalimia," hakimu hujibu, "lakini kwanza tuone."

Mie mwenyewe rai yangu ilikuwa ya Sajenti. Nilimlea mume na watoto, najua neno la mtu lina uzito gani. Lakini wakawa wanarudi. Si wote. Mmoja aliyeapa kwa Mungu na kwa kaburi la mama yake yuko Tanga mpaka leo, ana duka la baiskeli. Lakini wengi walirudi, na mie nikashikwa na hamu ya kujua. Kila aliyekuja nilikuwa namuuliza pale mlangoni, kabla sijaita jina lake, "Umerudi kwa nini?"

Mmoja, mtu wa kijiji cha Wambaa, aliniambia, "Bi Mwanahawa, nikimbie, ng'ombe wangu atakamuliwa na nani?"

Mwengine, kijana, akasema, "Niliulizwa mbele ya watu, nikasema ndiyo. Baba mkwe alikuwepo."

Na mwengine akasema, "Nilikuja kuona kama nyiye mtakuwepo." Nikamwambia apite ndani kabla sijampiga kofi.

Nilikusanya majibu kama mtu anavyookota karafuu zilizoanguka, moja huku moja kule, na hata moja halikunitosheleza. Ng'ombe anaweza kukamuliwa na jirani. Na aibu ya baba mkwe mbona wengine wanaimeza? Niliona liko jambo sijaliona.

Basi ikaja kesi ya Riziki.

Riziki alikuwa mwanamke mdogo wa kijiji kimoja njia ya Wambaa, ana mtoto wa ziwa. Polisi walikuta magunia ya karafuu jikoni kwake, wakasema ni ya magendo, yanangojea kuvushwa Mombasa, maana karafuu ilikuwa haiuzwi ila kwa serikali. Mumewe hakuwepo nyumbani siku hiyo, wakamchukua yeye. Mume aliporudi alikwenda mbio kituoni akasema karafuu zangu mie, akaambiwa sheria inamjua aliyekutwa nazo. Wakaandika maneno yake, wakamrudisha nyumbani, na mke wakamleta kwetu na mtoto mgongoni. Barua ya sheha, kama kawaida, muhuri uko Unguja.

Hakimu akamuuliza, "Ukenda nyumbani, utarudi?"

Sajenti akainuka. "Mheshimiwa, pwani ile iko karibu na Mombasa kuliko hapa."

"Sikukuuliza wewe, Sajenti. Riziki, utarudi?"

Yule mwanamke mdogo akamtazama hakimu kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ngeni. Kisha akasema, "Nitarudi." Wala hakuapa. Akatia kidole, akaenda zake.

Siku ya kesi ilipofika nikaita jina lake mlangoni. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili kimya. Mara ya tatu akainuka mzee mmoja wa kijijini kwao, aliyekuja kwa kesi yake nyengine, akaniambia, "Bi, unamwita bure. Mumewe kaanguka juu ya mkarafuu, tumemzika. Yumo edani."

Nikaingia kumwambia hakimu. Nyiye vijana mnajua eda kwa kusoma. Siye tunaijua kwa kuikaa. Mwanamke aliyefiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Havai cha kupendeza, hajitii manukato. Na kwa ada za kwetu huko vijijini haonani na mwanamme asiye maharimu wake, wala uso wake hauonwi na jua la njiani.

Sajenti akasema, "Mheshimiwa, naomba hati ya kumkamata. Tukianza hivi, kila mshitakiwa atafiwa. Leo mume, kesho mjomba."

Watu wakacheka, lakini hakimu hakucheka, wala mie. Hati ya kukamata maana yake polisi wanaume waingie nyumba yenye mwenye eda, wamtoe na kichanga chake, wampeleke rumande. Na miaka ile, katika kijiji kile, chama hiki na chama kile wakitazamana! Nilijua hata kama hakutopigwa mtu jiwe, yule mwanamke hatosahau, na mtoto wake atahadithiwa.

Hakimu akakohoa, akafikiri. "Hati nitaitoa kesho asubuhi kama hajatokea. Leo nataka aulizwe kwanza. Bi Mwanahawa, nenda wewe. Wewe ni mwanamke, utaingia ndani."

Kabla ya kuondoka nilipita kwa kadhi, maana sikutaka kwenda kupigwa na ada mikono mitupu. Kadhi akanijibu bila ya kufungua kitabu: mwenye eda hutoka mchana kwa haja ya lazima, na usiku hulala nyumbani mwake. Nikashukuru, nikaenda.

Nyumbani kwa marehemu nilipokewa na mama yake, Bi Hadia, mwanamke mrefu, macho makavu. Tukasalimiana, nikatoa mkono wa pole, nikakaa muda wa kukaa kwenye msiba. Hilo nalo lishikeni: msiba kwanza, kazi baadaye. Kisha nikasema nililojia.

"Mwanangu hajakauka kaburini," akasema Bi Hadia, "nyiye mnamtaka mkewe asimame mbele ya wanaume?"

"Asipokuja wataletwa polisi, dada."

"Na waje. Watanikuta mlangoni."

"Nimempitia kadhi. Kasema kwa haja ya lazima hutoka, mchana, arudi alale kwake."

"Kadhi hakumzaa mwanangu."

Hapo sauti ikatoka nyuma ya pazia, ndogo, ya mtu aliyelia sana. "Bibi wa mahakamani."

"Labeka."

"Mie nilisema nitarudi. Sikusema nitarudi nisipofiwa."

Bi Hadia akageukia pazia. "Wee Riziki! Hutoki humu."

"Mama, nitatoka kwa ruhusa yako. Lakini ruhusa nipe."

Nikasikia mtoto ananyonya. Wanawake waliokuja kukaa na mfiwa walikuwa wamejaa uani, na nitasema ukweli, ndipo nilipogundua kwamba walikuwa wa vyama vyote viwili. Wanaume walikuwa wanasusiana, lakini wake zao walikuwa wakipitia nyuma, mlango wa uani, na vyungu vyao vya uji. Hata mke wa sheha alikuwepo, anakuna nazi, kichwa ameinamisha.

Mwanamke mmoja mzee akasema taratibu, "Zamani mwari akitolewa ndani alizungushiwa shuka. Aliona miguu yake tu, na watu waliona shuka."

Bi Hadia akamtazama kwa muda mrefu. Mie nikanyamaza. Mzee Faki alinifunza kwamba mtu anapokaribia kukubali, usimsukume, atarudi juu ya mti.

"Kama anatoka," akasema mwisho, "atatoka na mie. Na akionekana hata ukucha, hamtopenda."

Asubuhi yake ikatafutwa pikapu ya muuza mbao wa Madungu, akakubali kuitoa kwa ajili ya marehemu. Riziki akakaa kati, mtoto mapajani, na wanawake wanne wakashika pembe za mashuka yaliyoshonwa pamoja, Bi Hadia mbele, mke wa sheha nyuma. Mie nikakaa pembeni, nimeshika ubao. Sasa, shuka na upepo wa gari havisikilizani. Likajaa kama tanga, likawavuta wale wanawake huku na kule, na kila penye shimo Bi Hadia akimtukana dereva kwa heshima: "Baba, Mungu akuongoze ujue kuendesha!"

Tulipopita Wawi, watu waliona gari limejaa wanawake na shuka jeupe linapepea katikati, wakadhani tunapeleka bibi harusi. Mama mmoja akatoka mbio mlangoni, akapiga kigelegele cha kukata na shoka. Wengine wakamjibu.

Bi Hadia akasimama garini. "Mnashangilia msiba, nyiye! Mnashangilia msiba!"

Yule mama akaziba mdomo kwa mikono miwili. Na nikasikia ndani ya shuka kitu ambacho mpaka leo sijui kama kilikuwa kilio au kicheko. Bi Hadia naye alisikia. Akaketi, akaikaza pembe yake.

Tulifika hakimu keshaketi, hati iko mbele yake haijatiwa saini. Nikaenda mlangoni, nikaita jina mara moja tu, kwa sababu shuka lilikuwa tayari linapanda ngazi. Wanaume wakajigawa huku na huku bila ya kuambiwa. Shuka likaingia, likasimama mbele ya hakimu na miguu mingi chini yake.

Sajenti akainuka, akajikuna kidevu. "Mheshimiwa, mie nitajuaje kuwa aliyemo humo ni mshitakiwa?"

Swali la maana, msimlaumu. Hakimu akaniambia, "Bi Mwanahawa, ingia uangalie."

Nikainua pembe, nikaingia. Riziki amekaa chini, kanzu nyeupe, uso umeingia ndani, mtoto kalala. Akanitazama kama kwamba yeye ndiye mwenyeji na mie ni mgeni niliyekuja kwake. Nikatoka. "Ni yeye, Mheshimiwa."

"Bi Mwanahawa hakuapa," akasema Sajenti.

Bi Hadia akashindwa kuvumilia. "Wee mwanangu wa Makunduchi! Unadhani nimeshika shuka hili kutoka kwetu mpaka hapa kukuletea mke wa mtu mwengine? Mie ndiye niliyemkataza asije, na mie ndiye niliyemleta. Njoo uishike wewe pembe hii, uone kama mikono haiumi!"

Chumba kizima kikacheka, hata Sajenti. Hakimu akangoja kicheko kiishe. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, akilitazama shuka, "Riziki, uko?"

Bi Hadia akafumba macho.

"Niko, Mheshimiwa."

Hakimu akampa pole ya mumewe. Akauliza eda itakwisha lini, akaambiwa. Akapanga kesi baada ya hapo, na ile hati akaiweka chini ya vitabu. "Nakuachia tena kwa kujidhamini mwenyewe. Utarudi?"

"Sasa hivi nimerudi, Mheshimiwa," likasema shuka. "Unaniuliza tena?"

Hakimu akamwangalia mwendesha mashtaka. Sajenti akakaa. "Sina pingamizi," akasema.

Eda ilipokwisha alikuja kwa miguu yake, na upande wa mashtaka ukaiondoa kesi, kwa yale maneno ya mumewe yaliyokuwa yameandikwa kituoni. Hakimu yule alihamishwa baadaye, na wapo waliokuja wakarudia barua za sheha, na wapo waliomfuata. Nyiye mtakaokaa pale mtajiamulia. Mie nilikuwa wa mlangoni.

Lakini swali langu lilipata jibu siku ile ile, njiani tunarudi. Upepo ulikuwa umetulia kidogo, dereva anakwenda pole pole. Bi Hadia alichoka mikono, akanipa pembe yake, nami nikajikuta nimekaa karibu na shuka, karibu kabisa na sikio la Riziki. Sikuweza kujizuia.

"Mwanangu," nikamwambia, "niambie mie. Ungeweza kukaa ndani, na kijiji kizima kingekutetea. Umekuja kwa nini?"

Nikamsikia akimgeuza mtoto. Kisha akasema:

"Bibi, tangu nizaliwe, kwa mambo yangu aliulizwa baba. Nikaolewa, akaulizwa mume. Polisi walipokuja wakamuuliza sheha. Yule kijana mwenye kikohozi ndiye wa kwanza kuniuliza mie. Nikajiambia nisipokuja, mwanamke mwengine akisimama pale hatoulizwa."

Pembe ya shuka ilinitoka mkononi kidogo, jua likaingia.

"Shika shuka, wewe wa mahakamani!" akasema Bi Hadia. "Na wewe humo ndani nyamaza. Uko edani."